Mwenye Gemu na Mwenye Sinema
Mhadhara wa umma, Moi's Bridge



Tarehe 17 Septemba 2013 gemu iitwayo Grand Theft Auto V iliingia madukani. Katika siku 3 za kwanza mauzo yake yalipita dola bilioni 1. Filamu ya Avatar, iliyotoka mwaka 2009 na kuvunja rekodi ya mapato ya sinema, ilihitaji siku 17 kufika hapo. Tangu siku hiyo nakala za gemu ile zilizouzwa zimepita milioni 200, na mpaka leo bado inauzwa. Filamu yenye umri kama huo ingekuwa imeshaingia ghalani.

Nimeanza na tarakimu kwa sababu wengi wetu tuliozaliwa kabla ya simu za mkononi tunadhani gemu ni mchezo wa watoto na sinema ndiyo biashara ya watu wazima. Mwaka 2019, kabla ya korona kufunga majumba ya sinema, tiketi zote zilizouzwa duniani zilikaribia thamani ya dola bilioni 42. Mapato ya gemu siku hizi yanakadiriwa kuwa zaidi ya bilioni 180 kwa mwaka. Tuangalie pia bei ambazo kampuni hizi hununuliana. Disney ilinunua Pixar mwaka 2006, Marvel mwaka 2009 na Lucasfilm mwaka 2012. Jumlisha zote tatu, hazifiki dola bilioni 16. Microsoft ilipotangaza Januari 2022 kwamba inainunua kampuni moja ya gemu, Activision Blizzard, bei ilikuwa bilioni 68.7, na shughuli hiyo ikakamilika Oktoba 2023. Ndani ya kampuni hiyo mna Candy Crush, ile gemu ambayo mama mzima anaicheza kwenye matatu kutoka hapa hadi Kitale bila kujiita mchezaji wa gemu.

Imekuwaje? Wengine husema ni kwa sababu vijana wamekuwa wavivu wa kutazama. Mimi sikubali, maana vijana hao hao wanatazama video simuni usiku kucha. Jibu liko kwenye namna pesa inavyoingia. Hapa kwetu kila mtu anaijua hesabu ya mahindi, basi nitasema hivi: filamu ni gunia moja la mahindi, ukishalinunua na kulisaga, mwenye kuuza hana tena haja nawe. Gemu ya siku hizi ni shamba la kukodi. Mchezaji analima humo miaka mitano, kumi, na kila msimu kuna kitu cha kulipia. Fortnite hutolewa bure tangu 2017, lakini mavazi ya mhusika yananunuliwa, na hilo pekee limeingiza mabilioni. Januari 2019 Netflix iliwaandikia wenye hisa wake kwamba Fortnite inaishinda katika kugombania muda wa watu kuliko inavyofanya HBO. Mwaka 2024 Disney yenyewe ilitangaza kuweka dola bilioni 1.5 katika Epic Games, wenye Fortnite. Mkubwa wa sinema akaenda kuomba nafasi uani kwa mwenye gemu.

Safari hiyo haikunyooka. Kampuni ya Warner, jina kubwa Hollywood, iliinunua Atari mwaka 1976, ikachuma sana, kisha soko la gemu Marekani likaanguka mwaka 1983 na Warner ikaiuza huku ikihesabu hasara. Nintendo, iliyoanza Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilimkabidhi mhusika wake Mario kwa watu wa sinema na filamu ya mwaka 1993 ikashindwa vibaya. Safari ya pili Nintendo ilikaa yenyewe mezani kama mtayarishaji, na filamu ya 2023 ikapita dola bilioni 1.3. Hata leo wakubwa huanguka: Agosti 2024 Sony ilitoa gemu iitwayo Concord, ikaiondoa sokoni kabla ya wiki mbili kutimia, na maelfu ya wafanyakazi wa gemu wamepoteza kazi tangu 2023. Anayemwambia kijana kwamba gemu ni mgodi wa dhahabu usioisha hamtakii mema.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye jambo lililonileta.

Filamu za mafunzo ziliingia Afrika Mashariki zikiwa na msimulizi. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, uliotengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kodi, kisha lori likazizungusha Tanganyika, Kenya na Uganda. Picha zilikuwa za Waingereza na maneno yalikuwa yao, hata yaliposemwa kwa Kiswahili. Miaka mingi baadaye msimulizi akabadilika. Nyote mmemsikia DJ Afro. Filamu ni ya Hong Kong au Mumbai, waigizaji hawajui Kenya iko wapi, lakini sauti yake inawapa majina ya mitaani, inawagombanisha kwa sababu zetu, inawatania kwa lugha yetu. Kule Tanzania Lufufu alifanya hivyo, na Uganda wapo ma-VJ wengi. Katika vibanda vya video vya nchi hii, mtu mwenye maikrofoni aliichukua filamu ya mgeni akaifanya ya kwetu. Wasomi wengine huona kazi hiyo ni uharibifu wa sanaa. Kwangu ni mojawapo ya kazi kubwa za utamaduni zilizofanywa Afrika Mashariki katika kizazi changu, na ilifanyika bila ruzuku ya mtu yeyote.

Vingi vya vibanda vile sasa vina PS, yaani mashine ya PlayStation. Ingia kimoja karibu na stendi yoyote ya bonde hili siku ya soko. Kuta ni za mabati, dirisha limezibwa kwa gunia ili mwanga usiifute picha, na runinga mbili au tatu zimefungiwa kwenye fremu za mbao. Padi zimefungwa kwa utepe mweusi pale plastiki ilipopasuka. Mshindi anabaki, aliyeshindwa analipa na kuinuka. Sauti ya mtangazaji wa Kiingereza imezimwa, redio inapiga muziki, na utangazaji wenyewe unafanywa na wale waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu, kwa Kiswahili, Kibukusu na Kinandi, kwa ufundi ambao ningependa wanafunzi wangu wa fasihi simulizi waufanyie utafiti. Gemu yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2023 ikawa EA Sports FC, lakini kibandani bado ni FIFA.

Mpaka hapo utadhani vijana wameifanyia gemu yale DJ Afro aliyoifanyia filamu. Hawajafanya, na kosa si lao. Mwambie kijana huyo achague AFC Leopards. Hawezi. Gor Mahia? Hawezi. Nzoia Sugar, timu ya Bungoma? Ligi Kuu ya Kenya haijawahi kuwamo. Victor Wanyama alipitia AFC Leopards kabla ya kwenda Ulaya. Alionekana ndani ya gemu kwa kuwa alivaa jezi ya Celtic, Southampton na Tottenham. Angebaki nyumbani na kipaji kile kile, mashine isingemjua.

Hapo ndipo gemu inapoachana na sinema. Filamu ni picha na maneno, na maneno unaweza kuyafunika kwa maneno yako. Gemu ni kanuni. Kanuni inasema nani yumo, nani ana nguvu kiasi gani, mlango upi unafunguka, kosa lipi linasamehewa. Huwezi kusimama kando na maikrofoni ukabadilisha kanuni. Imeandikwa ndani ya programu, na siku hizi nusu yake iko kwenye seva iliyo mbali, ambayo mwenye gemu anaweza kuibadilisha usiku ukiwa umelala. Kwa hiyo ushindani wa kampuni za gemu na wakubwa wa sinema si habari ya matajiri wa ng'ambo pekee. Nguvu inahama kutoka kwenye sanaa tuliyoweza kuipindua kwa mdomo kwenda kwenye sanaa ambayo asiyeijenga hana namna ya kuigusa.

Tazama hata mlango wa kuingilia. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation. Kijana wa Moi's Bridge mwenye mashine yake halali, aliyelipia ushuru na kodi, analazimika kujiandikisha kama mkazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kisha atafute kadi ya zawadi ya nchi hiyo ili anunue gemu. Nchi iliyoipa dunia M-Pesa mwaka 2007 bado inaingia dukani kwa anwani ya kuazima. Kampuni ya Carry1st ya Cape Town, iliyoanzishwa 2018, imepata mtaji wa mamilioni ya dola kwa kuona pengo hilo: inawauzia wachezaji wa Afrika kwa njia za malipo wanazozitumia kila siku. Naisifu, na ninasikitika kwamba si Mkenya aliyetangulia.

Wakenya wamejaribu kujenga, tena mapema. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya kompyuta yenye shujaa wa kike Mwafrika, wakati ambapo hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha wala soko la kumlipa. Mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts. Andrew Kaggia alitoa filamu ya katuni Wageuzi mwaka 2011, akiwageuza wanasiasa wetu kuwa magari yanayopigana. Kisha mwaka 2015 akaja na gemu ya Nairobi X, viumbe wa angani wakiuvamia mji mkuu. Kampuni ya Kukua ya Nairobi ilianza na gemu ya kuwafundisha watoto kusoma. Kutoka kwa mhusika wa gemu ile ukazaliwa mfululizo wa katuni Super Sema mwaka 2021, na Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji. Njia ambayo Mario aliipita kwa miaka mingi, msichana Sema aliipita kwa michache.

Mzazi mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: mwalimu, unataka mtoto wangu ashinde kibandani? Sitaki. Ninajua kwamba katika vibanda vingi mchezo wa padi na dau la pesa viko benchi moja, na kwamba kijana anayeanza na mpira wa runinga anaweza kuishia kwenye kamari ya Aviator, akiichezea karo ya shule. Hizo ni biashara mbili tofauti na serikali ya kaunti inapotoa leseni izitenganishe, umri uangaliwe, na saa za shule ziheshimiwe. Lakini ukimfukuza mtoto kibandani bila kumpa pa kujengea, umemwacha mteja tu. Sekondari ya juu sasa ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na mtaala wa usimbaji uliidhinishwa nchini mwaka 2022. Shule itakayowaweka mwanafunzi wa sanaa, wa hisabati na wa fasihi kwenye mradi mmoja wa gemu itakuwa imeelewa kazi hii inavyofanyika. Programu za kujengea, kama Unreal ya wale wale Epic, zinapakuliwa bure. Unreal ndiyo iliyotumika kujenga mandhari ya mfululizo wa The Mandalorian kule Disney. Kinachokosekana ni kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika, na jambo la kusimulia.

Jambo la kusimulia tunalo. Wabukusu wanasimulia habari za Mango na nyoka aliyewamaliza watu. Mango hakumkimbilia nyoka uwanjani. Aliingia pangoni mwake, akajibanza, akangoja arudi, na kichwa kilipopenya akakikata. Kutoka hapo jamii ikapata tohara yake. Mwandishi wa filamu atakuonyesha pango na giza. Mtengenezaji wa gemu ana kazi ngumu zaidi: lazima aamue mchezaji anangojaje. Akitikisika nyoka anasikia? Akitoka mapema, nani kijijini anakufa? Na akishinda, je, anapewa pointi, au anapelekwa mtoni alfajiri mbele ya watu? Maswali hayo hayajibiwi na msimba programu wa California. Majibu wanayo wazee wa Kimilili, Chwele na Sirisia, na baadhi yao wamekaa hapa mbele.

Ndiyo maana ninawasihi juu ya Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016. Inataka jamii iombwe ridhaa kabla hadithi yake haijatumiwa kibiashara, na inaipa serikali ya kaunti jukumu la kuweka daftari la mali hiyo. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na ndipo wanaoijua hadithi hii kwa ukamilifu wanapokuwa pamoja. Wanafunzi wetu wa Kiswahili na wa kompyuta waende na vinasa sauti wakiwa na barua ya ridhaa mkononi, wasimuliaji watajwe kwa majina yao kama wenye mali, na daftari la Bungoma lifunguliwe kwa hadithi ya Mango kabla kampuni yoyote, ya ng'ambo au ya Nairobi, haijaja kuitafuta.