Sanduku la Mtoto Aendaye Ng'ambo



Alfajiri moja ya Septemba nilikuwa stendi ya Misuna, hapa Singida mjini, nikimsindikiza mgeni wangu. Kando yetu palikuwa na ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, umemzunguka binti aliyekuwa akielekea Dar es Salaam kupanda ndege ya China, anakokwenda kusomea udaktari. Sanduku lake lilikuwa zito hata utingo akanung'unika. Ndani, kwa maelezo ya mama yake, mlikuwa na unga wa uwele, dagaa, karanga, kitenge alichopewa na bibi yake na dawa za malaria. Kazi yangu ni kuuliza maswali, nikashindwa kunyamaza. Nikamwuliza baba mtu: "Mzee, ikitokea nchi ile ikafunga mipaka, huyu mtoto anayo nauli ya kurudi?" Akanitazama kama mtu aliyesikia uchuro mbele ya safari. "Mwandishi, usitutabirie mabaya. Korona si ilikwisha?"

Hakukosea sana. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Uviko-19 si dharura tena ya kimataifa. Lakini naona tumefanya haraka kusahau yaliyowapata vijana wetu, na tunawasafirisha wadogo zao kwa maandalizi yale yale ya zamani.

Tukumbuke kidogo. Tarehe 23 Januari 2020 mji wa Wuhan ulifungwa, na ukabaki hivyo kwa siku 76. Ndani yake walikuwamo wanafunzi wa Kitanzania zaidi ya 400. Morocco na Algeria zilipeleka ndege kuwachukua watu wao. Wa kwetu walibaki, kama walivyobaki wa Kenya na Uganda. Siku zile nchi nzima iliwahurumia hao waliofungiwa ndani. Hatukujua kwamba lipo kundi jingine litakalotaabika kwa muda mrefu zaidi, nalo ni la wale waliokuwa wamekuja nyumbani likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Hao walifungiwa nje. Tarehe 28 Machi 2020 China iliwafungia mlango wageni, hata wenye vibali vya ukaazi. Wanafunzi walifunguliwa rasmi tarehe 24 Agosti 2022. Hesabu mwenyewe, ni karibu miezi 29.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa miongoni mwao. Jina lake silitaji, wala la chuo chake. Alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Masomo yakahamia kwenye simu. Sasa, msikilizaji, saa za China zimetangulia za kwetu kwa saa 5. Mhadhara wa saa 2 asubuhi kule ni saa 9 usiku hapa Singida. Mama yake alinieleza kwamba mwanzoni alidhani mwanawe amerukwa na akili, maana alikuwa akimsikia gizani anazungumza Kiingereza peke yake. Bando likiisha, kuku anauzwa. Tumezoea kujisifu kwamba kuku wa Singida wanailisha Dar es Salaam. Wa mama yule walikwenda kuilisha simu.

Hata hivyo alisoma. Alifaulu mitihani ya karatasi. Lakini kuligusa tumbo la mgonjwa ukajua kwamba ini limevimba hakufundishwi kwa simu, na hilo yeye mwenyewe alilijua tangu mwanzo. Isitoshe, kibali chake cha ukaazi kilimalizika muda akiwa hapa hapa, kikifuatiwa na pasipoti. Mlango ulipofunguliwa ilimlazimu aanze upya: barua ya chuo, viza nyingine, nauli iliyopanda, na karantini ya siku 7 hotelini kwa gharama yake, kisha siku 3 za kujiangalia. Baba yake aliuza ng'ombe aliokuwa amewaweka kwa ajili ya mdogo wake wa kiume.

Alirudi chuoni mwishoni mwa 2022, na hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze leo. Aliniambia kwamba kilichomtisha hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa wodi. Mihadhara yao ni ya Kiingereza, lakini mgonjwa wa China husema Kichina, na Kichina chake kilikuwa kimekauka kwa miaka miwili na zaidi ya kukaa nyumbani. Alisimama mbele ya kitanda cha mzee wa watu akakosa hata neno la kumwuliza panauma wapi. Kwa miezi kadhaa akawa hatoki chumbani ila kwa kulazimika. Akipiga simu nyumbani anasema "niko salama". Angesema nini, naye ndiye aliyeliwa ng'ombe?

Wala si China peke yake. Januari 2021 Uingereza iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ilizozizuia, na kuanzia tarehe 15 Februari mwaka huo mkazi wake aliyetoka katika nchi hizo alitakiwa kukaa hotelini siku 10 kwa pauni 1,750. Chanjo nayo, hapa nchini ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa mbele ya umma. Kabla ya hapo kijana wetu aliyeombwa cheti cha chanjo na chuo cha ng'ambo alikuwa hana pa kukipata, hata kama angetaka.

Basi, wazazi, nisikilizeni, na msininunie. Safari ya mtoto ikishapatikana, kwetu huundwa kamati. Hukodishwa maturubai, huchinjwa mbuzi, hushonwa sare. Mimi mwenyewe nimekula pilau la kuaga mara nyingi, sikatai. Ila naomba nusu ya michango hiyo iwekwe mahali isipoguswa, iitwe nauli ya kurudi, na mtoto aambiwe kwamba ipo. Mwaka 2020 walikuwapo waliotaka kuondoka kabla mipaka haijafungwa, wakakosa nauli tu.

Nakala za pasipoti, viza, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha 6 na barua ya chuo zibaki nyumbani pia, kwa mtu anayejua kusoma tarehe. Mwanafunzi anayekwenda China kwa masomo marefu ana siku 30 tu tangu afike za kushughulikia kibali cha ukaazi. Kabla hajaondoka, Tume ya Vyuo Vikuu iulizwe kama chuo na shahada vinatambuliwa, maana wapo wanaokuja kuuliza hilo wakiwa tayari wamevaa joho. Akifika, ubalozi wetu ujue yupo wapi. Huwezi kumtafuta mtu ambaye hukujua kwamba amefika.

Na lugha aianze hapa, si uwanja wa ndege. Miezi ya kusubiri baada ya kidato cha 6 inatosha kupata salamu, namba na majina ya viungo vya mwili.

Lililo gumu zaidi ni mazungumzo kati ya mzazi na mtoto. Tunawaaga kwa kuwaambia "usituangushe". Kijana yule wa mtaani kwetu alilibeba neno hilo hadi likamfunga mdomo. Siku alipomweleza mama yake kwamba anaogopa wodi, mama hakutaja ng'ombe hata mmoja. Alimwambia arudie mwaka ikibidi. Hakurudia, lakini aliniambia kwamba usiku ule ndipo alipolala.

Nikirudi kwa yule mzee wa Misuna: kabla basi halijaondoka nilimwambia kwamba WhatsApp aliyoizoea haifunguki kule kwa njia ya kawaida, watu hutumia WeChat, nikamwachia namba yangu. Alinuna. Baada ya wiki mbili akanipigia. Binti hajasikika tangu afike, mama yake hali chakula, na yeye alitaka kujua jina la ule mtandao linaandikwaje. Nilimtuma mwanangu akamwekee kwenye simu. Jioni ile ile wakampata. Alikuwa mzima, anauliza kama unga wa uwele unaweza kutumwa kwa posta.