Huruma kwa Mfungwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Wanavyuoni wa Sira wamesimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 624, walikuwako mateka wa Makka wasio na mali ya kujikombolea. Wale waliojua kuandika walipewa kazi ya kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi, kisha wakaachwa huru. Hapo yapo mafunzo mawili: kifungo kina mwisho, na mfungwa anacho cha kuwafaa watu.

Katika Uganda, Katiba ya mwaka 1995 imempa Rais uwezo wa kumsamehe mfungwa au kumpunguzia adhabu, kwa shauri la kamati ambayo mwenyekiti wake ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tena mwaka 2009, katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria isimlazimishe jaji kutoa hukumu ya kifo. Na yule ambaye hukumu hiyo imethibitishwa, kisha ikapita miaka mitatu bila kutekelezwa, hukumu yake igeuzwe kifungo cha maisha. Kigula, aliyesoma sheria humo humo gerezani Luzira, alihukumiwa upya, akatoka mwaka 2016.

Yuko atakayeuliza: Je, aliyedhulumiwa? Swali hilo ni la haki. Uislamu haukumsahau, jamaa wa aliyeuawa wamepewa haki ya kudai kisasi, kupokea diya, au kusamehe. Basi anayeombewa huruma hana budi kutubu, kurudisha alichokitwaa, na kuwataka radhi aliowakosea. Huruma isiyojali machozi ya mjane ni dhuluma ya pili.

Lakini mzee aliyepofuka, au mgonjwa asiyeweza kusimama, ataogopewa nini? Na mlango wa gereza ukifunguliwa, kisha mlango wa mtaa ukafungwa, msamaha huo umemfaa nini? Asiyeitikiwa salamu hurudi kwa wale waliompoteza.

Kwa hiyo jamaa na wamzuru mfungwa wao. Mwenye kujua kuandika na amwandikie maombi yake. Na siku atakapotoka apewe nafasi katika safu ya sala, bega kwa bega na wenziwe.

Wabillahi taufiq.