Kumbukumbu za Mkutano ni Mali ya Wanachama



Tumeombwa kuzungumza juu ya kumbukumbu za mikutano ya vyama vya wenye nyumba, kuanzia Mwembe na Jogoo mjini Kisii hadi Nyamira na Keroka. Huenda baadhi yenu wakaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa watu waliopigania mfumo wa vyama vingi. Hebu tukumbuke uteuzi wa KANU wa mwaka wa 1988. Wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, wakahesabiwa, wakatawanyika. Palipotangazwa kwamba mlolongo mfupi umeushinda mrefu, hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya. Na aliyesemekana kupata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amechaguliwa bila kupingwa.

Sasa tuseme wenye nyumba 20 wamekubaliana kutoa shilingi 5,000 kila mmoja ili mtaro wa barabara yao uchimbwe. Mwandishi anaandika kwamba fedha hizo ni za "maendeleo". Kwa neno hilo moja, shilingi 100,000 zimekosa kazi maalumu, na mweka hazina akizitumia kwingine hamna pa kumshikia. Kwa hiyo azimio liandikwe kwa maneno yake kamili, pamoja na aliyependekeza, aliyeunga mkono na hesabu ya kura. Vilevile tarehe, waliohudhuria, na kama akidi ilitimia. Hotuba ya mwenyekiti haihitajiki. Tumewahi kusoma kumbukumbu zenye kurasa nne za sifa za kiongozi na mstari mmoja juu ya fedha!

Kisha kuna kuthibitisha, na hapa ndipo wengi wetu hulala. Katika mkutano unaofuata, kabla ya kuingia katika yatokanayo, kumbukumbu zisomwe kwa sauti. Swali ni moja tu: je, haya ndiyo tuliyoyaamua? Aliyeshindwa kwa kura hawezi kuutangua uamuzi kwa kuzikataa kumbukumbu zilizo sahihi. Na alete hoja mpya. Lakini palipo na kosa, mwanachama yeyote ana haki ya kusimama, hata kama aliyeandika ni mzee wa kanisa. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, nalo jipya liandikwe juu yake, na mwenyekiti na mwandishi watie sahihi pembeni. Ukurasa usichanwe kamwe.

Msidhani haya ni ya mtaani tu. Benki ikiombwa kubadilisha watia sahihi wa akaunti ya chama, hudai kumbukumbu za mkutano uliowachagua wapya. Na kwa vyama vilivyosajiliwa kama kampuni, Sheria ya Kampuni ya mwaka wa 2015 inataka kumbukumbu za mikutano ya wakurugenzi zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 10.

Mwandishi anapoondoka madarakani, daftari likabidhiwe mbele ya mashahidi, kurasa zake zikiwa na nambari. Mwenye daftari lake hapa leo na alilete mbele, tulipitie pamoja kabla ya maombi ya kufunga.