Kuuliza si Dhambi

Asubuhi ya leo nina toba ya kufanya mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita nalikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Siku moja mvulana mdogo aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, Kaini alipata wapi mke?" Sikuwa na jibu, na niliona haya kusema sijui. Nikamwambia, "Keti chini, acha utundu!" Aliketi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na baada ya muda hakuonekana tena kanisani. Nilidhani nimelinda heshima ya Neno la Mungu, kumbe nililinda heshima yangu.

Mwaka 1994 mtaalamu mmoja wa Marekani, George Loewenstein, alieleza kwamba udadisi huamka mtu anapoona pengo kati ya yale ayajuayo na yale atakayo kuyajua. Pengo hilo humsumbua kama njaa. Basi, ndugu zangu, aulizaye hana kiburi. Anakiri kwamba amepungukiwa. Mwenye kiburi ni yule ajionaye ameshiba.

Mnamkumbuka mzee Kimani Maruge? Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo za shule za msingi, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, amevaa sare pamoja na watoto. Umri wake ulikuwa miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, kwa maana alishuku kwamba mhubiri haifuati. Je, mhubiri, mzee kama huyo ungemwona adui? Katika Matendo, sura ya 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa jambo lilo hilo: walimpokea Paulo kwa furaha, lakini hata yeye walimpima kwa Maandiko.

Ndugu mzazi, ndugu mwalimu, mtoto akikuuliza leo jambo usilolijua, mwambie, "Sijui, mwanangu. Njoo tutafute pamoja." Hutapoteza heshima, na huenda ukakua pamoja naye.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tuliowanyamazisha wadogo wako. Utupe moyo wa kujifunza hata uzeeni. Na yule mvulana, popote alipo leo, umpelekee mtu atakayemsikiliza. Amina.