Usingizi Usio Usingizi: Homa Kali ya Mtoto na Vipimo Vyake

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Handeni na Korogwe)



Mikutano ya namna hii huzungumza habari za mizani, magunia, mkonge na vitabu vya hesabu. Leo ajenda imetoa nafasi kwa jambo jingine, nalo ni homa kali ya mtoto. Sababu yake si ngeni kwa makatibu. Ni nadra kumpata katibu aliyekaa kazini misimu miwili mitatu ambaye hajagongewa mlango usiku na mwanachama anayetaka fedha za kukodi gari, kwa kuwa mtoto wake amepata degedege, kisha amelala na haamki. Maneno hayo mawili, "amelala" na "haamki", ndiyo kiini cha mazungumzo haya.

Mtoto aliyelala usingizi wa kawaida, akifinywa huamka, hulia, na macho yake humtafuta mama. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani hafanyi hivyo. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kumpima mtoto wa namna hiyo, ukapewa jina la mji wa Blantyre, Malawi, na hadi leo unatumika katika hospitali nyingi za Afrika. Hauhitaji mashine. Tabibu hutazama mambo matatu: je, macho yanafuata uso wa mama? Mtoto akibanwa ukucha au kubonyezwa kifua, je, anauondoa mkono unaomuumiza? Na je, kilio chake ni kilio cha kweli au ni mgumio tu? Alama kamili ni 5. Mwenye alama 2 au chini yake amezimia, hata kama kwa macho ya jirani anaonekana amepumzika vizuri.

Kwa nini amezimia? Vimelea vya malaria hufanya chembe nyekundu za damu zigande katika mishipa midogo ya ubongo. Huko huko Blantyre, watafiti waliwapiga watoto wagonjwa picha za ubongo kwa mashine kubwa ya sumaku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168 waliochunguzwa, 25 walifariki, na kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Ubongo uliovimba hubana sehemu inayoongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua.

Karibu zaidi na kwetu, katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa miaka ya 1990 waliwawekea watoto waliozimia nyaya ndogo kichwani, zilizounganishwa na mashine ya kuandika umeme wa ubongo. Zaidi ya nusu yao walipata degedege baada ya kulazwa. Lenye kushangaza zaidi ni kwamba baadhi yao hawakutikisika sana. Walilala kimya, pengine kope ikichezacheza au mate yakitoka, na huku mashine ikionyesha ubongo uko katika dhoruba. Kwa hiyo mzazi anayesema "sasa degedege limeacha, tungoje asubuhi" aweza kuwa anangoja wakati ambapo degedege lingali linaendelea ndani.

Hapana budi kugusa imani iliyoko katika vijiji vingi vya mkoa huu na vya pwani, kwamba degedege ni kazi ya ndege au shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo haikuzuka kwa ujinga. Watu wameona kwa macho yao. Degedege la homa ya kawaida aghalabu hukoma lenyewe baada ya dakika chache, na aliyefukiza moshi wakati huo hupata sifa. Mtoto mwenye malaria kali hupelekwa hospitali mwisho, baada ya mengine yote kushindikana. Akifa saa moja baada ya sindano, sindano hubeba lawama ya siku mbili zilizopotea. Basi asilaumiwe bibi wa mtoto. Ahesabiwe saa, pamoja na wazazi.

Korogwe yenyewe imetoa sehemu ya ushahidi unaotumika leo duniani. Kwa miaka mingi dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini ya dripu. Ni dawa iliyookoa wengi, lakini ina ukali wake: hushusha sukari ya damu, na ikiingizwa mshipani kwa haraka huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo hutaka dripu ya polepole na muuguzi wa kuiangalia. Kati ya mwaka 2005 na 2010, watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika walitibiwa, nusu kwa kwinini na nusu kwa sindano ya artesuneti. Hospitali ya Magunga, Korogwe, na ile ya Teule, Muheza, zilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti huo. Waliopewa kwinini walifariki 297. Waliopewa artesuneti walifariki 230. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likaagiza artesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Yafaa wanachama wajue kwamba agizo hilo limejengwa pia juu ya watoto wa Korogwe na Muheza.

Hata hivyo si kila homa ni malaria, na hapa makatibu watalielewa jambo upesi, kwani wanajua ubaya wa kuandika kilo kabla ya kupima gunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, uliwahesabu wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Hadubini ilithibitisha vimelea kwa 2,062 tu. Wasiokuwa na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliokuwa navyo, maana wagonjwa wa namna hiyo huweza kuwa na nimonia, homa ya uti wa mgongo au maambukizo ya damu, ambayo dawa ya malaria haiyagusi.

Kipimo cha haraka cha tone la damu kilipokuja, ilidhaniwa kosa hilo litakwisha. Utafiti wa mwaka 2007 katika hospitali tatu za kanda hii ulionyesha vingine: zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kiliwakuta hawana malaria walipewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Kupima na kisha kupuuza jibu ni upotevu wa kipimo. Mzazi ana haki ya kuuliza jibu limesemaje, na kama hakuna malaria, ni ugonjwa gani unaotafutwa. Haki hiyo imezidi uzito kadiri malaria inavyopungua. Katika vijiji vya bondeni vya Korogwe, vimelea vilivyoonekana katika damu ya asilimia 78 ya waliopimwa mwaka 2003 vilionekana kwa asilimia 13 mwaka 2008.

Sasa habari ya njia. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, na vijiji vingi viko mbali na barabara hiyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 asiyeweza kumeza, iko artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu Bangladesh, Ghana na Tanzania, miongoni mwa waliochelewa kufika kituoni kwa zaidi ya saa 6, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Lakini ni dawa ya njiani tu. Asiyefika hospitali hajatibiwa. Njiani mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala asinyweshwe.

Lililobaki liko mikononi mwa chama. Mkopo wa dharura unaohitaji sahihi za wajumbe watatu hauwezi kutoka saa nane ya usiku. Mkutano mkuu unaweza kuamua kiasi kidogo maalumu, kikae kwa katibu na mtunza fedha, kitolewe kwa sahihi ya mmoja wao na ya mwanachama, kisha kiletwe mbele ya bodi katika kikao kinachofuata pamoja na stakabadhi ya gari. Mkaguzi hatakuwa na neno, mradi uamuzi umo katika muhtasari, kiwango kimetajwa, na daftari lake ni la peke yake. Jina la dereva wa gari au pikipiki aliyekubali kuitwa usiku, na namba yake ya simu, vibandikwe mlangoni mwa ofisi kwa nje.