Mizani, Daftari na Simu: Wajibu Wetu katika Uchumi wa Kidijitali

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Wilaya za Mbulu na Hanang)



Nimetakiwa nieleze sera ya nchi yetu juu ya uchumi wa kidijitali, yaani uchumi ambamo hesabu, malipo na biashara hupitia katika kompyuta na simu. Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano mwaka 2003, ikatoa nyingine mwaka 2016, na sasa upo mkakati wa uchumi wa kidijitali wa miaka 10, tangu 2024 hadi 2034. Sera huandikwa mjini, lakini kwa mkulima utekelezaji wake huanzia kwenye mizani, iwe Endasak, Basotu au Dongobesh. Kwa hiyo nitazungumza zaidi juu ya mizani na daftari.

Mambo matatu yamekwisha kutufikia. Kwanza, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU, ambamo chama huingiza habari za wanachama, mazao na hesabu zake. Pili, mbaazi za mkoa wetu wa Manyara zimeanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani na kwa mnada wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambao mnunuzi hushiriki kwa kompyuta akiwa mahali popote. Tatu, malipo hupita benki au katika simu ya mkononi badala ya kuhesabiwa mezani.

Faida zake ni za kweli, ila tusizipambe. Tunakumbuka mwezi Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, bei yetu ikaanguka na magunia yakabaki majumbani. Mnada wa mtandao hauwezi kufungua mlango ambao India imeufunga. Unachoweza kufanya ni kumjulisha mkulima bei ya siku hiyo hiyo, asidanganywe na mlanguzi shambani.

Ndugu zangu, sasa niwaeleze kosa moja, ambalo nami nina sehemu yangu ndani yake. Katika chama kimoja nisichokitaja jina, mama mjane alileta magunia saba ya mbaazi. Uzito ulikuwa sahihi na stakabadhi ilikuwa sahihi. Lakini namba ya simu iliyoingizwa katika hesabu ilikuwa ya marehemu mume wake, na laini ile ilikuwa mikononi mwa shemeji. Fedha zikaenda huko. Mama yule alikwenda ofisini mara nyingi, na kila mara alijibiwa kwamba kompyuta inaonyesha amelipwa. Kompyuta haikuiba, ilitii ilichoandikiwa. Katibu alinakili daftari la zamani bila kumwuliza mtu. Nami nilikuwa nimelikagua daftari lile, nikajumlisha safu za fedha na kuweka sahihi, bila kuuliza kila namba ni ya nani. Alipopata haki yake, msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha pita.

Kutokana na hayo nawaomba mzingatie mambo manne.

Kwanza, hakikini daftari la wanachama kabla ya mizani kufunguliwa. Kila mwanachama asomewe mstari wake: jina, namba ya kitambulisho cha Taifa, simu na akaunti ya benki. Mzee asiyeelewa Kiswahili vizuri asomewe kwa Kiiraqw au Kidatooga. Mwanamke aliyelima aandikwe yeye mwenyewe, kwa simu au akaunti yake mwenyewe. Anayelipa kwa simu huonyeshwa jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha. Likipishana na jina la mwanachama, asitume mpaka ukweli ujulikane.

Pili, stakabadhi ya karatasi isiachwe. Mwanachama aondoke mizanini akiwa na uthibitisho mkononi. Mtandao ukikosekana, katibu aandike kitabuni kwa tarehe, kisha aingize katika mfumo mara tu upatikanapo.

Tatu, namba ya siri ya mfumo ni kama ufunguo wa kasha la fedha. Asipewe karani wa muda, wala kijana wa dukani anayetusaidia kompyuta. Habari za wanachama nazo si bidhaa ya kumpa dalali. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inatuhusu.

Nne, wekeni nakala mahali pengine. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliteremka Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu na kuzoa nyumba na maduka. Baada ya msiba ule, kila katibu ajiulize: kama kabati la ofisi yangu lingechukuliwa na matope, nani angejua kila mwanachama anadai nini? Hapo ndipo kompyuta inapotusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limehamia ndani ya simu, lakini maneno yao hayajachakaa. Kwa hiyo nitakapopita ukaguzi msimu ujao sitaanza na kasha la fedha. Nitamwita mwanachama mmoja aliyeko uani, mwanamke au mwanamume, nimwombe anionyeshe mstari wake. Akiweza, chama hicho kimeuelewa uchumi wa kidijitali. Asipoweza, tutakaa pamoja, katibu na mimi, tuanze upya.

Ushirika ni nguvu.