Sari ya Mama Jioni ya Holi



Jioni ya mwezi mpevu wa Phagun, sisi Wagujarati huwasha moto wa Holi. Akina mama huuzunguka wakiwa wamevaa sari, mikononi wamechukua maji, nazi, tende na bisi. Rangi hurushwa kesho yake.

Mwaka huu mjukuu wetu aliomba kuvaa bandhani ya marehemu mama yetu, ile nguo ambayo nukta zake hufungwa uzi moja moja kabla ya kutiwa rangi. Tuliona haya. Nyumbani petu hapakuwa na ajuaye tena kuivaa Kigujarati, pindo litoke nyuma, lipite bega la kulia, litandazwe kifuani. Wote wamezoea bega la kushoto.

Aliyetusitiri ni jirani yetu Mwislamu, bibi ambaye ujanani alikuwa akimshikia mama mikunjo. Hakusahau hata mkunjo mmoja.

Nguo tuliitunza sandukuni, lakini ujuzi wake tuliukuta nyumba ya pili. Basi akina mama, wafundisheni mabinti maadamu wajuao wangali hai. Nawe bibi, tunakushukuru mbele ya hadhara hii.